Aliyekwisha Kuagwa Hayupo

Uvumi wenyewe Mama Sihaba aliupata kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na tangu siku hiyo haukumtoka. Ulimwingia pamoja na vumbi la unga, ukakaa. Aliusikia kwa jirani yake, Bi Kidawa, mwanamke ambaye akitaka kukwambia neno la siri huangalia kwanza kushoto, kisha kulia, halafu hulisema kwa sauti inayoishinda hata mashine.

"Wale vijana wanaopelekwa ng'ambo kujitolea," alisema Bi Kidawa, "hawaendi popote, shoga. Wako majumbani kwa mama zao, nyuma ya mapazia. Kuna mmoja mtaa wa pili, ndevu zimemfika hapa. Anatoka nje siku ya mvua kubwa tu, maana siku hiyo kila mtu anatazama miguu yake."

"Toba! Nani kasema?"

"Watu."

Na katika Jamhuri ya Shamrashamra, jambo likisemwa na watu lilikuwa na uzito kuliko likisemwa na Serikali, kwa sababu watu hawakulipwa posho kulisema.

Mama Sihaba aliubeba unga kichwani na uvumi kifuani mpaka nyumbani. Alikuwa na sababu. Mwanawe wa pekee, Sihaba, fundi wa pampu za visima, ndiyo kwanza alikuwa amechaguliwa kwenda kujitolea kwenye mradi wa kimataifa wa maji, katika nchi moja ya ng'ambo yenye mawe mengi na mafundi wachache. Binti alikuwa anachekacheka peke yake. Spana zake alishazipaka mafuta na kuzifunga kwenye kipande cha kitenge, kama mtoto mchanga.

Si safari iliyomtisha Mama Sihaba. Sisi wenye watoto tunajua kwamba mtoto hukua akaenda. Kilichomkosesha raha ni hilo la pazia. Mtoto wa kwenda, aende. Mtoto wa kubaki, abaki. Sasa mtoto aliyekwenda huku amebaki, mama mtu unamwekaje? Unampikia au humpikii?

"Mama, hayo ni maneno ya mashineni," Sihaba alimwambia akicheka. "Nchi nzima imfiche mtu nyuma ya pazia kwa faida gani?"

Alikuwa bado hajahudhuria semina.

*

Nchi hiyo, kwa wasioijua, ilikuwa imepiga hatua kubwa katika fani moja, nayo ni kuaga na kupokea. Nchi nyingine zina wizara ya kilimo. Hii ilikuwa na Wizara ya Maagano na Mapokezi, na kilimo kilikuwa idara ndogo ndani yake, kwa ajili ya maua ya kuwavisha watu shingoni. Waziri hakwenda hata kunyoa nywele bila kuagwa, na alipotoka kinyozini alipokewa. Wagonjwa waliokuwa wakiingizwa chumba cha upasuaji nao waliagwa, kwa hotuba na kwaya, ingawa wagonjwa wenyewe hawakuonyesha kuipenda heshima hiyo.

Semina ya maandalizi iliendeshwa na Bwana Mbaruku, Afisa Maagano wa Wilaya, mtu mwembamba wa mwili na mnene wa sauti. Wazazi waliruhusiwa kukaa viti vya nyuma, kwa hiyo Mama Sihaba aliona yote kwa macho yake.

Kwanza vijana walifundishwa kupunga mkono. "Msipunge kama mnafukuza nzi!" alinguruma Bwana Mbaruku. "Pungeni kama mnafuta kioo cha gari la Mheshimiwa. Taratibu. Kwa mapenzi."

Kisha wakafundishwa baridi. Likaletwa bonge la barafu kutoka bucha la samaki, kila mmoja akalishika kwa zamu na kutamka, "Nimezoea." Aliyeliachia kabla ya kutamka alirudishwa mwisho wa mstari.

Kisha wakafundishwa wimbo, na wimbo ulikuwa na beti nyingi kuliko kiu ya dunia nzima.

Sihaba akanyoosha mkono. "Samahani, Mheshimiwa. Huko tunakokwenda visima vyao vina kina gani? Na pampu zao ni za mkono au za jua?"

Bwana Mbaruku alimtazama kwa huruma. "Binti, hayo ni mambo ya kufika. Hapa tunajifunza kuondoka."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mama Sihaba naye akapiga, maana ukiwa kiti cha nyuma na wenzako wanapiga makofi, mikono huenda yenyewe. Lakini moyoni kitu kilimgonga kama kokoto kwenye wali.

*

Siku ya maagano uwanja wa mpira ulifurika. Kulikuwa na maturubai, matarumbeta, masufuria ya wali ambayo mtu mzima angeweza kuogea, na katikati ya uwanja kulisimamishwa ngazi za ndege juu ya lori. Ndege yenyewe haikuonekana, lakini ngazi zilikuwa nzuri, zimepakwa rangi mpya.

"Ndugu wananchi!" Bwana Mbaruku aliunguruma kwenye kipaza sauti, ingawa hakukihitaji. "Leo tunawapeleka vijana hawa wakaiendeleze dunia, ambayo imechelewa sana! Na kuanzia dakika hii, popote mtakapowaona, hamjawaona!"

Vigelegele. Vijana wakapanda ngazi mmoja mmoja, wakageuka, wakapunga, wakatoweka juu. Sihaba alipopanda, na fulana yake nyeupe iliyomfika magotini, mama yake alilia mpaka kanga ikalowa. Alilia kama tunavyolia sisi, kwa kumbukumbu zote tangu mtoto alipoota jino. Kisha akazunguka nyuma ya lori ili apate japo vumbi la mwisho la mwanawe, na huko akamkuta mwanawe mwenyewe, ameteremka kwa ngazi ya mbao, anatafuta kiatu kilichomchomoka.

"Mama," alisema Sihaba kwa sauti ndogo, "huku nyuma hakuna kitu."

Mama Sihaba akamfuata Bwana Mbaruku mezani, pale alipokuwa anaagana na paja la kuku.

"Mheshimiwa, ndege iko wapi?"

"Ndege ilikuwemo kwenye mipango, mama. Lakini vijana tungewaagaje bila maturubai? Bila wali? Ungekubali mwanao aondoke kama mwizi?"

Mama Sihaba alijikuta anaona maneno hayo yana maana, na hilo likamtisha zaidi. "Basi ataondoka lini?"

"Ameshaondoka."

"Yuko nyuma ya lori, anafunga kiatu."

"Mama," Bwana Mbaruku alishusha sauti, akawa anasikika uwanja mzima tu badala ya wilaya nzima, "sheria yetu ya maagano ni fupi, hata wewe unaweza kuishika. Aliyekwisha kuagwa hayupo. Akionekana kabla ya kupokewa rasmi, huyo ni mtoro wa ng'ambo, na adhabu yake ni kurudia semina tangu ubeti wa kwanza."

"Na atapokewa lini?"

"Akirudi."

"Atarudi lini?"

"Hawezi kurudi kabla hajafika, mama. Kuwa na subira."

*

Ndivyo Sihaba alivyohamia nyuma ya pazia. Ofisini kwake, idara ya maji, walitundika picha yake kwenye kiti chake, na kila asubuhi mhudumu aliifuta vumbi. Picha ilisalimiwa vizuri kuliko Sihaba alipokuwa anakuja mwenyewe.

Majirani waliishika sheria kwa adabu. Walikuja uani, wakamkuta Sihaba anaosha vyombo, wakamruka kwa macho.

"Hivi Sihaba hajambo huko aliko?" aliuliza Bi Kidawa, amesimama hatua mbili kutoka kwenye beseni.

"Hajambo," alijibu Mama Sihaba.

"Amekonda?"

"Kidogo."

"Mwambie ale. Na kile kisu changu alichoazima, Mungu akimjalia kukikumbuka huko ng'ambo, nashukuru."

Sihaba akakichomoa kisu kwenye maji ya sabuni, akakiweka ukingoni mwa beseni. Bi Kidawa akakichukua huku anatazama mawingu.

Siku nyingine Mama Sihaba alikwenda kwa Bi Kidawa kuomba moto. Wakiwa wanapiga soga sebuleni, nyuma ya pazia mtu akakohoa, kikohozi kizito cha mwanamume mzima.

"Nani huyo?"

"Redio," alisema Bi Kidawa upesi.

"Redio yako ina kifua."

Bi Kidawa akaangalia kushoto, akaangalia kulia, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakusema neno. Akalia tu. Mama Sihaba akamshika mkono. Kumbe mtaa wa pili ulikuwa ni humu humu.

Redio ya kweli, ile isiyokohoa, kila wiki ilitangaza habari za vijana wa ng'ambo. Walikuwa wamechimba kisima kirefu mno hata maji yalitoka yamechoka. Rais wa huko aliwakumbatia mpaka akateguka bega. Ilipofika zamu ya fundi Sihaba kupongezwa kwa jina, Sihaba mwenyewe alikuwa anachambua mchicha kando ya redio.

"Mama," alisema, "nafanya vizuri sana."

Lakini hakucheka. Spana zilikuwa bado kwenye kitenge chake, na mama yake alimwona jinsi anavyozifungua, anazipangusa, anazifunga tena.

*

Ndipo pampu ya mtaa ikafa. Ilikohoa, ikatema udongo, ikanyamaza. Akina mama wakaanza kuteremka bondeni na ndoo, kwenye maji ambayo ng'ombe walikuwa wameshayatumia.

Wajumbe wa mtaa walikwenda ofisini, Bwana Mbaruku akawatoa wasiwasi. "Fundi wa pampu tunaye mmoja katika wilaya, na hivi sasa yuko ng'ambo, jambo ambalo sote tunajivunia. Serikali imeomba fundi wa kujitolea kutoka nje. Vumilieni. Kiu nayo ni mchango wenu katika maendeleo."

Sihaba aliisikia habari hiyo nyuma ya pazia, akachukua spana. Mama yake akajiweka mlangoni.

"We mtoto, unataka wakurudishe kwenye ule wimbo?"

"Mama, pampu iko pale! Naiona dirishani! Ni raba ya ndani tu imelika, naijua kwa jinsi ilivyokohoa."

"Kaa."

Sihaba akakaa. Mama Sihaba akafunga kibwebwe, akaenda ofisini mwenyewe, akajikausha kama mtu asiyejua lolote.

"Mheshimiwa, huyo fundi wa kujitolea akija, ataruhusiwa kuigusa pampu?"

"Ataruhusiwa hata kutoa hotuba."

"Anatakiwa awe ametoka wapi?"

"Ng'ambo."

"Na mtu ambaye Serikali inajua kwamba yuko ng'ambo, akija hapa, atakuwa ametoka wapi?"

Bwana Mbaruku akafikiri. Hata kufikiri kwake kulisikika. "Atakuwa ametoka ng'ambo," alisema.

"Ahsante, baba. Nilikuwa nauliza tu."

*

Kesho yake, kwa barabara kuu, aliingia mgeni. Alivaa kofia pana ya jua na miwani myeusi, na mgongoni alibeba begi lenye chupa ya maji ubavuni, vitu ambavyo katika nchi ile vilitosha kumtambulisha mtaalamu. Alikuwa ametokea mlango wa uani, akazunguka nyuma ya shule, lakini barabara kuu aliiingilia kwa mbele, kama inavyotakiwa.

Matarumbeta yalikuwa tayari, maana yalikuwa tayari siku zote.

"Karibu nchini kwetu!" Bwana Mbaruku alimvisha maua. "Umeionaje nchi yetu?"

"Nzuri," alisema mgeni.

"Anajua lugha yetu!" Umati ukapasuka kwa vigelegele. "Umejifunza wapi, mgeni wetu?"

"Kwa mama."

"Mnawaona wenzetu!" Bwana Mbaruku aliwageukia wananchi. "Kwao hata akina mama wanajua lugha yetu! Sisi tunakwama wapi?"

"Anajitahidi," Bi Kidawa alimnong'oneza Mama Sihaba, macho yakimcheka. "Ila anasemea puani kidogo, shoga. Ndiyo baridi hiyo."

Mgeni akaifungua pampu, akatoa raba iliyolika, akakata nyingine kutoka kwenye kandambili kuukuu ya Mama Sihaba, akaitia, akafunga. Maji yakaja. Wanawake wakasahau sherehe, wakakimbilia ndoo.

"Unafanana sana na dada mmoja tuliyempeleka kwenu," Bwana Mbaruku alimwambia, akimtazama ndani ya miwani. "Ukimwona, mwambie nchi inajivunia."

"Nitamwambia."

Hakuna aliyejua kama afisa yule alijua. Nchi ile mtu akipanda cheo hujifunza kutojijua mwenyewe.

Mgeni alipangiwa kulala kwa Mama Sihaba, na kwa hilo Mama Sihaba alipewa pongezi kwa ukarimu. Basi mwanawe akawa anakaa barazani mchana kweupe, watu wanamsalimia, watoto wanamchezea. Mama akaona sasa mambo yamekaa sawa. Anapika, wanakula, nani anataka zaidi?

"Mgeni, karibu uji!" walimwita wapitaji. "Mgeni, umeshazoea nzi wetu?"

Siku moja Sihaba akasukuma sahani. "Mama, hakuna anayeniita jina langu. Hata wewe jana umeniita mgeni."

"Nilikuwa mbele za watu, mwanangu."

"Nilitaka kwenda kufanya kazi, nirudi nikusimulie. Sasa sikwenda, na hapa sipo. Nitaishi hivi mpaka lini?"

Alichojua Mama Sihaba mwenyewe ni kwamba alikuwa ameanza kuipenda hali ile. Mtoto hakufika ng'ambo, na wala hakuna wa kumlaumu mama. Ilikuwa raha tamu, na ilikuwa inammaliza binti yake polepole.

Akaenda kwenye sanduku, akaitoa simu ya Sihaba. Ilizimwa tangu siku ya maagano, kwa kuwa simu ya mtu asiyekuwepo haina haki ya kuita mtaani. Akaiwasha yeye mwenyewe, akamwekea mwanawe mkononi. "Wapigie wa mradi, namba yao imo humu. Uwaambie ukweli."

Aliyepokea huko ng'ambo alikuwa mwanamke, na alipiga kelele mpaka Mama Sihaba akazisikia. Sihaba akawa anamtafsiria. "Anasema wamenitafuta kila hospitali. Redio yetu inawaambia nimechimba visima nchi yao nzima, na wao hawanioni. Walidhani nimetumbukia kimoja."

"Mwambie uko kwa mama yako."

Mwanamke wa ng'ambo alicheka, kisha akakasirika, kisha akatuma tiketi. Haikuchukua wiki.

*

Habari zilimfikia Bwana Mbaruku kabla begi halijafungwa. Alikuja mbio, macho yanametameta.

"Tiketi ya kweli! Mama, tutamuaga tena, maagano ya kihistoria! Maturubai mawili juu ya mengine!"

Mama Sihaba aliyaona yote upya: wali, hotuba, mwanawe nyuma ya lori. Lakini akajikaza.

"Mtamuagaje, Mheshimiwa? Mlishamuaga. Hayupo."

Bwana Mbaruku akakwama, akakwamuka. "Basi tumuage mgeni!"

"Mgeni ameomba aondoke kimyakimya. Ndiyo mila ya kwao."

Mila ya wageni katika nchi ile haikupingwa na mtu yeyote. "Wenzetu wana mambo," afisa alisema kwa unyonge, akaenda zake. Akiwa mbali aligeuka mara moja, kama mtu aliyetaka kuuliza kitu cha kwake mwenyewe, kisha akaendelea.

Asubuhi yake walikwenda stendi wawili tu, mama na mwana. Hakukuwa na tarumbeta hata moja. Utulivu wenyewe ulikuwa mgeni, hawakujua wasimameje.

"Spana?"

"Ninazo."

"Chumvi?"

"Mama, huko kuna chumvi."

"Beba."

Akabeba. Basi likaondoka.

Uwanja wa ndege hakuna aliyemsumbua. Wa pasipoti alitazama daftari lake, akaona binti huyu ameshatoka nchini zamani, akampisha. Mtu aliyeshatoka humzuii kutoka. Siku ya pili simu ikaita.

"Mama, nimefika. Nimepokewa na mtu mmoja mwenye pikipiki. Hakusema chochote, amenipeleka kisimani. Mawe matupu, Mama! Niache, nina kazi."

Mama Sihaba akakaa chini pale pale alipokuwa. Jioni hiyo redio ikatangaza kwamba fundi Sihaba amemaliza kazi yake iliyotukuka na yuko njiani kurejea, wananchi wajiandae kwa mapokezi. Akainuka, akaizima.

Basi nyie wenye watoto wanaochaguliwa kwenda kujitolea ng'ambo, yaepukeni haya:

Usikubali mwanao aagwe kabla hujaiona tiketi kwa macho yako.

Usile wali wa maagano. Ukishaula huna la kuuliza.

Usimwache kwenye semina inayofundisha wimbo na haifundishi kazi.

Usipige makofi kwa sababu wenzako wanapiga.

Usikae bila namba ya simu ya watu wa mradi. Usimwachie afisa akutunzie.

Usiamini redio ikimsifu mwanao. Mpigie mwenyewe.

Usimfiche mtoto ukasema unamlinda.

Usimlilie machoni. Lia basi likishaondoka.